Ufafanuzi: Utafiti wa dawa unaendeshwaje? Safari ya azithromaisini kutoka Zagreb hadi Kilosa

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2014 hadi mwaka 2017, watoto wadogo katika vitongoji vya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, walinyweshwa dawa ya maji kila baada ya miezi sita. Baadhi ya vitongoji vilipewa azithromaisini, dawa inayoua bakteria. Vingine vilipewa dawa bandia iliyofanana nayo, isiyo na kiambato chochote cha kutibu. Mzazi hakujua mwanawe amepata ipi, na aliyeshika chupa na kijiko naye hakujua. Watafiti walikuwa na swali moja: mtoto ambaye wala haumwi akipewa dozi mbili za dawa hii kwa mwaka, je, uwezekano wake wa kufa kabla ya kutimiza miaka mitano unapungua?

Jaribio hilo linajulikana kwa jina la MORDOR, kifupi cha maneno ya Kifaransa, na liliendeshwa kwa wakati mmoja nchini Niger, Malawi na Tanzania. Kwa upande wa Tanzania lilifanyika Kilosa, wilaya ambayo mji wa Mikumi nao umo ndani yake. Wengi wanaijua Mikumi kwa hifadhi ya wanyama na kwa malori ya barabara kuu ya kwenda Iringa, na Kilosa wanaijua kwa reli, mkonge na mafuriko. Wachache wanajua kwamba jina la Kilosa linasomwa pia katika majarida ya tiba, kwa sababu ya jaribio ambalo matokeo yake bado yanaleta mjadala.

Tumelichagua jaribio hili kwa sababu linasaidia kujibu swali ambalo wasikilizaji hutuuliza kila dawa au chanjo mpya inapotangazwa: nani huamua dawa ipi itafitiwe, kwa fedha za nani, na kwa nini inachukua miaka mingi hivyo?

Dawa iliyogunduliwa na kampuni ndogo

Azithromaisini haikuanzia Marekani, ingawa jina la kibiashara linalofahamika zaidi, Zithromax, ni la kampuni ya Kimarekani ya Pfizer. Iligunduliwa mwaka 1980 mjini Zagreb, katika nchi iliyokuwa Yugoslavia na sasa ni Kroatia, na timu ya wakemia wa kampuni ya Pliva iliyoongozwa na Slobodan Đokić. Walikuwa wakishughulikia udhaifu wa dawa ya zamani iitwayo erithromaisini. Hiyo ni dawa nzuri, lakini asidi ya tumbo huiharibu, na mgonjwa hulazimika kuimeza mara kadhaa kwa siku. Wakemia wa Pliva waliibadilisha molekuli yake kidogo, wakapata dawa inayostahimili asidi na inayobaki ndani ya tishu za mwili kwa siku nyingi. Sifa hiyo ya pili ndiyo iliyoifikisha Kilosa baadaye. Dawa ambayo dozi moja inatosha unaweza kuigawa kitongoji kizima kwa siku moja na kuondoka. Ile inayohitaji kumezwa mara nne kwa siku, kwa wiki nzima, haigawiki hivyo.

Pliva iliwahi kuandikisha hataza. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili kwa muda maalumu mwingine asitengeneze kitu hicho bila idhini yake. Watafiti wa Pfizer waliokuwa wakifuatilia molekuli za aina hiyohiyo walikuta wenzao wa Zagreb wameshatangulia. Uongozi wa Pfizer ungeweza kulitupa faili hilo au kutafuta molekuli ya pembeni ya kuizunguka hataza. Ukaamua kwenda kuzungumza. Mwaka 1986 kampuni hizo mbili zikatiliana saini: Pliva ikabaki na soko la Ulaya ya kati na mashariki, Pfizer ikachukua sehemu kubwa ya dunia iliyobaki na kulipa mrabaha kwa kila mauzo. Pliva ikaanza kuiuza nyumbani mwaka 1988 kwa jina la Sumamed, na mwaka 1991 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaiidhinisha.

Anayesimamia utafiti katika kampuni ya dawa hukutana na uamuzi kama huu karibu kila mwezi. Hawezi kubuni kila kitu mwenyewe, kwa hiyo lazima ajue wenzake wanafanya nini, na ajue ni lini kununua haki ya mwingine ni nafuu kuliko kushindana naye. Sisi tunaona kwamba sehemu hii ya kazi husahaulika. Picha tuliyozoea ni ya mwanasayansi mwenye koti jeupe, lakini mara nyingi dawa huokolewa na mtu wa mikataba aliyesoma orodha ya hataza kwa makini.

Nyingi huanza, chache hufika

Molekuli ikishapatikana hupimwa kwanza maabara na kwa wanyama. Ikionekana haina madhara makubwa, huingia katika majaribio kwa binadamu, ambayo kwa kawaida yana awamu tatu kabla ya kuidhinishwa. Awamu ya kwanza hutumia watu wachache, mara nyingi wenye afya, ili kujua usalama na kiwango. Ya pili hutumia wagonjwa kadhaa au mamia ili kuona kama kuna dalili ya kufanya kazi. Ya tatu ndiyo kubwa na ghali: mamia au maelfu ya watu, wengine wakipewa dawa mpya na wengine dawa ya zamani au dawa bandia. Dawa ikishaingia sokoni, ufuatiliaji wa madhara huendelea, kwa kuwa yapo madhara adimu ambayo huonekana baada ya watu wengi mno kuitumia.

Kwa wastani, kati ya dawa kumi zinazoanza awamu ya kwanza, ni moja hivi inayofika kwenye rafu ya duka. Kwa hiyo kazi kubwa ya meneja wa utafiti ni kusimamisha, na kusimamisha mapema. Dawa inayoanguka katika awamu ya kwanza imekula fedha kidogo. Ikianguka katika awamu ya tatu, imemeza miaka kumi na mamia ya mamilioni ya dola. Tatizo ni la kibinadamu zaidi kuliko la kisayansi: timu iliyolea molekuli kwa miaka sita haipendi kuambiwa iizike. Ndiyo maana kampuni nyingi huweka kamati ambayo wajumbe wake hawakuhusika na ugunduzi, na huandika mapema, kabla data haijaingia, kwamba tukipata chini ya kiwango hiki tunasimama.

Gharama nazo zina ubishi wake. Makadirio yanayotajwa sana, yaliyotolewa mwaka 2014 na kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani, ni takriban dola bilioni 2.6 kwa kila dawa mpya inayoidhinishwa. Kiasi hicho kinajumuisha dawa zote zilizoanguka njiani, pamoja na faida ambayo fedha hizo zingezaa kama zingewekezwa kwingine. Uchambuzi mwingine uliochapishwa mwaka 2020 ulipata kiwango cha kati cha chini ya dola bilioni moja. Kampuni hupenda tarakimu ya kwanza, wanaharakati wa bei nafuu huipenda ya pili. Hata ya pili ni fedha ambazo nchi kama Tanzania haiwezi kuzitoa kwa dawa moja, na ndiyo sababu viwanda vyetu, kama Shelys na Keko vya Dar es Salaam, hujikita katika kutengeneza dawa ambazo kanuni zake zinajulikana tayari na hataza zake zimekwisha.

Kwa nini hakuna kampuni ambayo ingelianzisha jaribio la Kilosa

Hataza ya azithromaisini nchini Marekani ilikwisha mwaka 2005. Tangu hapo kiwanda chochote chenye uwezo kinaweza kuitengeneza, na bei yake imeshuka. Kwa mgonjwa hiyo ni neema. Kwa swali jipya la kisayansi ni kikwazo, maana hakuna kampuni itakayotumia mamilioni kuthibitisha matumizi mapya ya dawa ambayo washindani wake wote wataiuza kesho yake.

Hata hivyo dawa hii ilikuwa tayari na historia nyingine Afrika. Miaka ya tisini watafiti walionyesha kwamba dozi moja ya kunywa hutibu vikope, yaani trakoma, ugonjwa wa macho unaoambukizwa na bakteria na unaoweza kumaliza kwa upofu. Kabla ya hapo tiba ilikuwa mafuta ya tetrasaiklini ya kupaka machoni kwa wiki sita, na mzazi yeyote aliyewahi kumpaka mtoto dawa ya macho anajua ni wangapi hufika wiki ya sita. Mwaka 1998 Pfizer na wakfu wa Edna McConnell Clark walianzisha Mpango wa Kimataifa wa Trakoma, na kampuni ikaanza kuitoa dawa hiyo bure. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuipokea. Wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, si mbali na Kilosa, ikawa kwa miaka mingi uwanja wa utafiti wa vikope wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani pamoja na wenzao wa Kitanzania.

Kisha likajitokeza jambo ambalo halikutarajiwa. Nchini Ethiopia, katika jimbo la Amhara, watafiti waliokuwa wakigawa azithromaisini kwa ajili ya macho walihesabu pia vifo vya watoto. Mwaka 2009 waliripoti kwamba katika jamii zilizogawiwa dawa, uwezekano wa watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi tisa kufa ulikuwa karibu nusu ya ule wa jamii ambazo zilikuwa bado zinasubiri. Dawa ya macho inapunguzaje vifo? Maelezo yanayoleta maana ni kwamba inaua pia bakteria wa nimonia na wa kuhara, na hata kwa malaria ina nguvu kidogo. Lakini jaribio la Ethiopia halikuwa limepangwa kupima vifo, na ugunduzi wa pembeni wa namna hiyo unaweza kuwa bahati tu ya takwimu.

Kulithibitisha kulihitaji jaribio kubwa kuliko kawaida, na lilihitaji mlipaji asiyetafuta faida. Fedha zilitoka Taasisi ya Bill na Melinda Gates. Pfizer ilitoa dawa, na ikatoa pia dawa bandia, jambo ambalo si dogo, kwa kuwa dawa bandia nayo lazima itengenezwe, ifungwe na isafirishwe sawasawa na dawa yenyewe. Uratibu ulikuwa mikononi mwa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Kwa Tanzania, timu ilikuwa ile ya Johns Hopkins na Watanzania waliokwisha kuzoea kazi ya vikope.

Kuhesabu watoto wa Kilosa

Kwenye karatasi jaribio lilionekana rahisi. Jamii yenye watu kati ya 200 na 2,000 inaingia, jamii ndogo au kubwa kuliko hapo inabaki nje. Kwa Kilosa kipimo kilikuwa kitongoji. Vitongoji 614 vilipigiwa kura, vingine vikaangukia azithromaisini na vingine dawa bandia. Katika nchi zote tatu jumla ilikuwa jamii 1,533, na sensa ya kwanza ilikuta watoto 190,238.

Kwa nini kura ipigwe kwa kitongoji, mtoto mmojammoja aachwe? Sababu ya kwanza ni kwamba bakteria hawaheshimu ukuta wa nyumba. Mtoto aliyetibiwa akicheza na asiyetibiwa, manufaa na madhara huchanganyika. Ya pili ni ya kiutawala: mgawaji akiwa na aina moja tu ya chupa kitongoji kizima, hawezi kukosea.

Watoto walioingia ni wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 59, tena wenye uzito usiopungua gramu 3,800. Mpaka huo wa chini ni wa usalama, kwani dawa za jamii hii zimehusishwa na tatizo la kuziba kwa njia ya kutokea tumboni kwa watoto wachanga sana. Kipimo cha dawa kwa mtoto anayeweza kusimama kilikadiriwa kwa urefu, kwa kutumia fimbo yenye alama kama ile ya ugawaji wa dawa ya vikope, na asiyeweza kusimama alipimwa uzito. Mizani hubebwa kwa shida kwenye pikipiki, fimbo hubebeka.

Kilichokuwa kigumu ni sensa. Kifo cha mtoto hakiwezi kuhesabiwa kama kuzaliwa kwake hakukuandikwa, na vijijini vifo vingi vya watoto haviandikwi popote. Kwa hiyo kila miezi sita timu ilirudi nyumba kwa nyumba: nani alikuwepo mara ya mwisho, nani amehama, nani amezaliwa, nani amefariki. Kilosa ina wakulima wa mahindi na mpunga wanaohamia mashambani msimu wa kilimo. Ina wafugaji wa Kimasai na Kibarbaigi wanaofuata malisho. Upande wa kusini, kwenye barabara ya kutoka Mikumi kwenda Kidodi na Ruaha, kuna miwa, na miwa huleta vibarua wanaokuja na kuondoka. Mvua zikikolea, mto Mkondoa hukumbusha watu mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliyoikata reli na kuwaacha maelfu bila makazi. Kila familia inayohama bila kuacha taarifa ni tundu katika takwimu. Meneja wa jaribio kama hili huamka akifikiria mafuta ya gari, betri za vifaa vya kuandikia, na kama mwenyekiti wa kitongoji amepewa taarifa. Kemia haimsumbui.

Pamoja na hayo, katika nchi zote tatu wastani wa watoto waliofikiwa na azithromaisini ulikuwa asilimia 90.4. Anayejua kampeni za chanjo zinavyohangaika vijijini ataelewa ukubwa wa tarakimu hiyo.

Kabla ya tone la kwanza kunywewa lazima vibali viwepo. Tanzania, utafiti wa afya unaohusisha binadamu hupitiwa na kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Majaribio ya dawa huhitaji pia kibali cha mamlaka ya udhibiti, ambayo wakati huo ilikuwa TFDA na tangu 2019 ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Watafiti hulalamika kwamba njia hiyo ni ndefu. Sisi hatuwahurumii sana. Mtoto wa miezi miwili hawezi kujitetea, na kamati ndiyo inayouliza maswali ambayo angeyauliza.

Matokeo, na namna ya kuyasoma

Matokeo yalichapishwa Aprili 2018 katika jarida la tiba la New England. Kwa nchi zote tatu kwa pamoja, vifo katika jamii zilizopewa azithromaisini vilikuwa pungufu kwa asilimia 13.5. Kwa watoto wa mwezi mmoja hadi mitano upungufu ulikuwa karibu asilimia 25. Madhara makubwa ndani ya wiki moja baada ya kunywa yalikuwa machache, na hayakutofautiana kati ya pande mbili.

Habari zilienea hivyo: dawa ya bei nafuu inaokoa watoto wa Afrika. Lakini ukizitenganisha nchi, picha inabadilika. Niger vifo vilipungua kwa asilimia 18.1, Malawi kwa 5.7, na Tanzania, yaani Kilosa, kwa asilimia 3.4 tu.

Je, maana yake ni kwamba dawa haikufanya kazi Kilosa? Hapa inabidi twende taratibu. Takwimu za Kilosa peke yake zinakubaliana na uwezekano kwamba dawa ilipunguza vifo kwa asilimia 23, na zinakubaliana pia na uwezekano kwamba vifo viliongezeka kwa asilimia 21. Wigo huo ni mpana mno, hauthibitishi chochote upande wowote. Sababu ni kwamba, kwa heri, watoto waliokufa Kilosa walikuwa wachache kuliko Niger. Katika vitongoji vya dawa bandia, Kilosa ilikuwa na vifo 5.5 kwa kila watoto 1,000 kwa mwaka. Niger ilikuwa na 27.5. Jaribio lilipangwa ili nchi tatu zijibu kwa pamoja, na kila moja ikiulizwa peke yake sauti inakuwa hafifu.

Tufanye hesabu ya mwalimu wa shule ya msingi. Niger, kwa upande wa dawa vifo vilishuka kutoka 27.5 hadi 22.5, tofauti ya vifo vitano kwa watoto 1,000. Yaani ukiwagawia dawa watoto 200 kwa mwaka mmoja, unaokoa mmoja. Kilosa vilikuwa 5.5 upande mmoja na 5.4 upande wa pili. Hata tukikubali kwamba tofauti hiyo ni ya kweli, ingebidi kuwanywesha maelfu ya watoto ili kuokoa mmoja. Dawa ni ileile na fimbo ni ileile, ila hatari ya kuanzia ni tofauti, na manufaa hufuata hatari.

Jambo hili lina uzito kwa wakuu wa afya, na linapaswa kuwa na uzito kwa wazazi pia. Kati ya tafiti mbili za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto, ule wa 2015–16 na ule wa 2022, vifo vya Watanzania walio chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Kwa upande wa watoto wachanga wa chini ya mwezi mmoja, ambao jaribio la MORDOR halikuwagusa, hali karibu haikubadilika: kutoka 25 hadi 24. Ukiwa na shilingi moja ya kutumia Kilosa, kuna hoja nzito kwamba iende wodi ya wazazi kabla ya kwenda kwenye chupa ya azithromaisini.

Bei ambayo haiandikwi kwenye chupa

Tena kuna usugu. Kila unapowapa watu dawa ya kuua bakteria, bakteria dhaifu hufa na wale wachache wanaoistahimili hubaki na kuzaana. Ndiyo hali ambayo wataalamu huiita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA kwa kifupi. Watafiti walijua hivyo tangu mwanzo, hata herufi za mwisho za jina MORDOR zinamaanisha kulitazama suala la usugu. Kilosa, vitongoji 30 vilichaguliwa kwa kura ili watoto wachukuliwe sampuli puani na kwingineko.

Majibu yaliyozungumzwa zaidi ni ya Niger. Baada ya miaka miwili, kati ya bakteria wa nimonia waliopatikana puani mwa watoto wa jamii zilizopewa dawa, asilimia 12.3 walikuwa sugu kwa dawa za jamii hii. Katika jamii za dawa bandia walikuwa asilimia 2.9. Kwa mtoto wa Niger anayekabiliwa na hatari kubwa ya kufa, huenda biashara hiyo ina faida. Kwa mtoto wa Mikumi, ambaye mama yake tayari hununua vidonge duka la dawa bila cheti cha daktari, mizani inalalia kwingine. Hayo ni maoni yetu, na wapo madaktari watakaotupinga.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo. Lilikataa ugawaji wa jumla kwa watoto wote wa chini ya miaka mitano. Lilikubali kwa masharti ugawaji kwa watoto wa mwezi mmoja hadi 11, katika maeneo ambayo vifo vya chini ya mwaka mmoja vinazidi 60 kwa vizazi hai 1,000, au vya chini ya miaka mitano vinazidi 80. Kwa wastani wake wa kitaifa, Tanzania haikuingia.

Kubana umri hivyo kulikuwa na lengo la kupunguza kiasi cha dawa kinachotumika, na hivyo kupunguza usugu. Ndipo Niger ikafanya jaribio lingine, kubwa zaidi, liitwalo AVENIR, lililochapishwa mwaka 2024. Walipowanywesha watoto wote wa mwezi mmoja hadi miezi 59, vifo vilipungua kwa asilimia 14. Walipowanywesha wa chini ya mwaka mmoja pekee, upungufu ulikuwa mdogo kiasi kwamba haukuweza kutenganishwa na bahati. Inaelekea kwamba mtoto mchanga hulindwa kwa kiasi fulani na dada na kaka zake kunywa dawa. Mwongozo uliotungwa ili kuokoa dawa huenda unakata sehemu ileile inayofanya kazi.

Unapoombwa mtoto wako ashiriki

Majaribio mengine yatakuja. Mkoa wa Morogoro una Taasisi ya Afya Ifakara, na tawi lake la Bagamoyo lilishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo utafiti wake ulianza miaka ya themanini na ikapendekezwa na WHO Oktoba 2021. Kwa mzazi anayebishiwa hodi, kuna mambo ambayo sheria na maadili ya utafiti yanamhakikishia.

Ridhaa ni ya hiari. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuwakaribisha watafiti, lakini hawezi kukubali kwa niaba ya mwanao. Unaweza kukataa, na unaweza kukubali leo ukajitoa kesho, bila huduma ya zahanati kupungua. Lazima uelezwe kwa lugha unayoielewa kama kuna upande wa dawa bandia. Uliza nani anagharimia matibabu mtoto akidhurika, kwani majaribio ya dawa Tanzania hutakiwa kuwa na bima. Uliza pia swali ambalo watafiti wengi hawalitarajii: dawa ikionekana inafaa, sisi tuliokuwa upande wa dawa bandia tutaipata lini? Tangazo la Helsinki, ambalo ndilo msingi wa maadili ya utafiti wa tiba duniani, linataka mipango ya baada ya jaribio iwekwe kabla halijaanza, na kwa hiyo jibu linapaswa kuwa tayari limeandikwa.

Karatasi ya ridhaa unayopewa ubaki nayo huwa na namba ya simu ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili iliyotoa kibali. Namba ya kamati ipo ili uitumie, hata kama ni kuuliza tu kama watu waliopita nyumbani kwako wanajulikana.